Wanataka Nimshukuru Jirani kwa Stoo Niliyoijenga Mimi

Admin, nifichie jina, maana Kismayo nzima wananijua, na wasionijua mimi walimla papa wangu. Nina miaka sabini na kitu, mzaliwa wa kisiwa cha Chula. Kusoma nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hapo pia nilitoroka, lakini haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkiona kosa limezeni.

Kabla ya vita, papa wa chumvi aliyefika Lamu na Mombasa akasifiwa, jua ametoka kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na stoo ya mawe karibu na bandari. Mawe nilipasua mimi, chokaa nilichoma mimi, na mabirika ya kulaza papa kwenye chumvi niliyachimba ndani ya sakafu kwa mikono hii.

Vita vilipoingia mjini tulikimbia kwa mashua, mimi, mke wangu na mabinti. Papa walikuwa bado ndani ya chumvi. Nikamwambia mwanangu mkubwa, "Baki nao. Hakuna wa kugusa stoo yangu." Hatukumwona tena. Habari zilitufikia kambini Kenya: alipigwa risasi mlangoni. Jirani yetu mwenye duka la nguo ndiye aliyemwosha na kumsalia, akamzika nyuma ya stoo kwa kuwa makaburini hakukufikika. Mungu amlipe kwa hilo. Lakini alipomaliza kuzika alihamia ndani, na hajatoka mpaka leo.

Tuliporudi nilimwendea. Hata kiti hakunipa. "Odey," akaniambia, yaani mzee, "nyumba ni ya aliyekaa. Mimi nilikaa na risasi, wewe ulikaa na posho ya kambini." Tukaenda kwa wazee wa mtaa. Wakasema kesi hii ni ya mashahidi, na mashahidi wangu wengine wamekufa, wengine wako Ulaya. Kesi ikabaki hivyo hivyo, haikuvunjwa wala haikuamuliwa. Mimi naishi kwa hilo tu.

Sasa baraza la mji limetoa pesa, wafanyabiashara wadogo wasomeshwe na wapewe ushauri bure, na atakayemaliza apewe meza katika soko jipya la samaki. Bila masomo, huna meza. Mke wangu anauza bajia kando ya barabara, amekaa chini kwenye vumbi, miguu imemvimba kama magogo. Akaniambia, "Nenda, bwana. Meza moja tu, nikae kwenye kivuli." Nikaenda.

Masomo yalikuwa wapi? Ndani ya stoo yangu. Baraza limeikodi kwa jirani. Na mwalimu ni mtoto wake, ambaye tulipokimbia alikuwa hajui hata kutambaa. Wametandika zulia juu ya mabirika yangu, na chumvi inapanda, inalila zulia. Nilipoona hivyo nilifurahi.

Siku ya kwanza akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, umewahi kuwa na biashara?"

Nikamwambia, "Ndiyo hiyo uliyoikanyaga."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawageukia, "Basi andikeni somo la kwanza. Mali usiyoweza kuilinda si mali. Mtazameni mzee huyu mumkumbuke." Tangu hapo mimi ndio mfano. Hasara ikitajwa, mzee. Anayeringa mpaka wateja wanamkimbia, mzee. Wauza ndizi, wauza mkaa, wananiita Bwana Hasara, na mimi nawajibu wote, mdomo wangu haujazeeka. Lakini nanawa mikono kwenye bomba walilolitia nyuma ya stoo, na maji yake yanamwagika juu ya mwanangu.

Alhamisi hii ni kufunga masomo. Watu wa baraza watakuja, na wazee wa mtaa wamealikwa. Mwalimu amenipanga mimi niseme kwa niaba ya wote. Akanishika bega, "Utasema maneno machache tu, mzee. Unamshukuru mwenye nyumba kwa kutupa nyumba yake. Ukikataa, meza ataipata mwingine."

Mnaelewa anachotaka? Kwetu ukimshukuru mtu kwa nyumba yake mbele ya wazee, umeshuhudia kuwa ni yake. Kesi imekwisha, na shahidi ni mimi mwenyewe.

Nilimwambia mke wangu, simshukuru ng'o, bora tule mchanga. Nilidhani atalia. Akaendelea kukoroga unga wa bajia.

"Mchanga nimekula mimi, si wewe," akasema. "Wewe unakula sifa. Nani alimwosha mwanangu?"

Nikajitia kutafuta kofia yangu.

"Nakuuliza, mchu mzima wewe," akasema, yaani mtu mzima. "Wewe ulimwacha na papa. Yule alimvika sanda. Mimi namshukuru kila nikisali, na stoo aichukue na mawe yake."

"Ameniibia!"

"Kaiba mawe. Wewe ulinipotezea mtoto kwa ajili ya mawe hayo hayo."

Mimi sikumpoteza mtu. Aliyempoteza ni mwenye bunduki, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini. Lakini mke wangu ameshapiga pasi kanzu yangu, na buibui lake pia. Amesema nisiposimama atasimama yeye, atamshukuru jirani kwa nyumba na kwa sanda kwa pamoja. Na wazee watamsikiliza, maana ni mama wa maiti.

Nikisema, nimeiuza stoo kwa mdomo wangu. Nisiposema, mke wangu ataiuza, na watu watajua kuwa hata nyumbani kwangu sina shahidi. Nyinyi mnaosoma, wengi mna busara kuliko wazee wa mtaa wetu. Nimfungie mlango Alhamisi, au nivae kanzu niende? Nipeni la kufanya kabla ya siku hiyo. Ila anayetaka kuniambia nisamehe, asijisumbue kuandika.