Koti la Meneja

Mtaa mzima wa Mchafukoge, Mzee Gaudens ndiye fundi cherehani pekee aliyekuwa na mteja asiyelalamika, kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa mbwa. Jina lake Meneja. Rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika, na nguo alikuwa nazo kunizidi mimi: shati la kitenge, kaptula yenye tundu la mkia, na koti jeusi la kuendea misa, ingawa kanisani aliishia getini.

Tulipanga nyumba moja, milango inatazamana, bomba la uani tunachangia. Mzee alikuja Dar kijana kutoka Songea, akaoa, akazika mke. Watoto wakatawanyika: mmoja Mwanza, mwingine hata simu haipatikani. Jioni cherehani ikinyamaza nilimsikia akiongea. "Meneja, unaonaje, ugali au wali?" Meneja hana maoni. Wanapika wali, wanakula, wanalala kitanda kimoja, mbwa upande wa ukutani aliokuwa akilala marehemu.

Mwenye nyumba, Bi Badria, alikubali mbwa wa ulinzi. Siku alipomkuta Meneja anakunywa kwenye ndoo ya maji ya kupikia, alimwita mzee uani.

"Fundi, nilikubali mbwa wa mlangoni. Wewe umeniletea mpangaji."

"Hana neno huyu, Bi Badria. Ni mtu kabisa."

"Mtu gani huyo, akinywa maji ndoo inasuguliwa mara saba?"

Basi Meneja akaanza kujikuna. Manyoya yakapukutika mgongoni, na kila akivalishwa ananguruma. Mzee akasema amenuna. Jumapili moja ya Februari, joto la kukausha dagaa, akambana katikati ya magoti amfunge vifungo vya koti. Meneja akamuuma mkono.

Mzee akatoka uani amejifunga kitambaa. "Sindano ya cherehani," akasema.

Bi Badria akakitazama kitambaa kilivyolowa damu. "Fungua tuone." Akaona. "Sindano yenye meno manne?"

Akaniamuru nifungue bomba, nikakisugua kidonda kwa sabuni na maji mengi huku mzee ameangalia pembeni. Kisha Bi Badria akatoa hukumu: hospitali sasa hivi, halafu daktari wa mifugo aje. Mbwa akiendelea kuishi kama mtu, anahama.

Daktari alikuja kesho yake, binti anaitwa Violeth. Akasalimia shikamoo vizuri, akainua koti, akanusa, akakunja pua.

"Ngozi imeoza humu ndani, mzee. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Umemvika koti la mtu wa benki na joto hili. Chanjo ya kichaa amepata?"

Mzee akaanza kuvifungua vifungo vya koti.

"Kwa hiyo koti analo, chanjo hana."

"Lakini nikiongea ananitazama," mzee akasema. "Anasikiliza."

"Anatazama andazi unalokula." Halafu akaona uso wa mzee, akapunguza sauti. "Anakupenda, mzee. Ila anakupenda kimbwa. Ukimkumbatia, kwake ni kubanwa. Anataka bakuli lake, mahali pake pa kulala, na kutembezwa. Sasa hivi afungwe siku kumi tumwangalie kama ana kichaa, akiwa salama tutamchanja."

Zile siku za kumwangalia, mzee alikuwa anaenda kuchomwa sindano zake na kurudi kukaa mlangoni, mbwa kule kwenye gunia chini ya bati, yeye huku. Meneja hakuumwa kichaa. Akachanjwa, akapakwa dawa, manyoya yakaanza kurudi. Bi Badria mwenyewe akaleta bakuli kuukuu, akaliweka chini akasema hilo asiliguse mtu.

Jioni ya kwanza ya kumtembeza, mzee aliniomba nimsindikize hadi bustani ya Mnazi Mmoja. Meneja alikuwa uchi, amefungwa kamba. Akanusa kila mguu wa benchi, akakojolea mitatu, akajibiringisha kwenye majani hadi ulimi ukaning'inia.

"Anafurahi huyu?" mzee akauliza.

"Sana."

"Hata hanitazami."

Mbwa akavuta kamba kuelekea panapokaangwa mihogo, mzee akamfuata. Tuliporudi, Meneja alienda kwenye gunia lake bila kuambiwa, akajikunja, akalala. Mzee akasimama juu yake kidogo, mkono umenyooshwa, halafu akaurudisha. Akaingia chumbani, akawasha redio ya habari, na nikamsikia anabishana na mtangazaji.