Foleni Iliyomwondoa Dada

Tulikuwa tunahariri video za harusi na misiba hapa hapa nyumbani Ilongero, kwenye chumba ambacho marehemu baba alikijenga kiwe stoo ya alizeti. Kompyuta nne, zote za mitumba, na mtu mmoja wa kuzigombeza: dada yangu. Mimi ni yule mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani, akakaa. Kupanda bodaboda kwenda Singida mjini, kwangu mimi ni safari ya kuaga watu.

Dada ndiye aliyegawa kazi. "Huo msiba uweke kwenye ile ya dirishani, hii imechoka. Harusi isubiri, wenyewe wameshapatana." Mara nyingine kompyuta mbili zilijikuta zinashughulikia video moja, na ya tatu imekaa bure. Dada alicheka. "Wewe na hii iliyokaa bure mmezaliwa tumbo moja."

Basi nikajifunza kwenye simu namna ya kuzipangia foleni. Kila kazi inaandikiwa ujumbe mfupi: chukua picha hizi, unganisha, weka majina. Ujumbe unakaa kwenye mstari. Kompyuta isiyo na kazi inachukua ule wa mbele, na nyingine haiwezi kuugusa. Ikimaliza inatoa taarifa, ndipo ujumbe unafutwa. Ikizimika katikati, ujumbe unarudi mstarini na nyingine inauchukua. Kwa mtu mvivu wa kuinuka, huo ni uvumbuzi.

Siku ya kuijaribu, dada alikaa anatazama. Kompyuta zikachukua kazi zenyewe, bila kuambiwa. Ilipofika alasiri akaniuliza, "Sasa mimi hapa nafanya nini?"

Kwetu mkubwa hanyang'anywi kazi akabaki mikono mitupu. Bibi alipoishiwa macho, mama alikuwa akimpelekea uwele uliokwisha kupepetwa, aupepete tena, kisha anamshukuru. Nililelewa nikiyaona hayo. Hata hivyo nikajibu, "Wewe sasa ni bosi. Kaa unywe chai."

"Chai," alisema. Akainywa yote, akaosha kikombe, akatoka.

Tangu hapo akaanza kumzungumzia rafiki yake anayeuza asali Itigi. Tulipomaliza kuvuna alizeti, akamfuata. Nilimbebea begi mpaka barabarani huku namtania kwamba nyuki hawagombezwi. Akalipokea begi lake, akapanda gari.

Foleni inafanya kazi vizuri, ndilo linaloniuma. Kazi zinaisha mapema, na chumba kimya. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kuulizia video ya mazishi ya mumewe, arobaini imekaribia, kumbe imepangwa nyuma ya harusi. Nikaona nimepata sababu ya kupiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hicho kiti unachokalia hakijavunjika?"

"Bado. Dada, hii mashine haijui msiba. Inahitaji mtu wa kupanga kipi kitangulie. Rudi basi."

Nilisikia mtu anamuuliza bei ya dumu la asali, naye akamtajia. "Misiba itengenezee foleni yake," akaniambia. "Kompyuta zikague hiyo kwanza."

Nilikuwa nimeshaitengeneza asubuhi ile. Ilinichukua muda mfupi tu.

"Sawa, dada."

"Njoo wewe huku. Magari yapo, na mimi nipo."

Nikasema nitaangalia. Nimekuwa nikiangalia tangu siku hiyo.