Nukta Tatu Chini ya Paa

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majengo, na kila kazi aliyoimaliza aliiandika kwenye daftari. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa rika lake hapa Amu: boriti zilikuwa ngapi, chokaa ilichomwa wapi, paa liliezekwa na nani, na siku hiyo watu walikula nini. Aliniachia madaftari matatu. Nilisomesha chuo cha Kurani umri wangu wote, na nilipoacha kusomesha nikataka kuyatoa yawe kitabu kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Wazee wenzangu wakaniunga mkono. Tukafanya kamati, tukapata chumba, kompyuta na printa, na tukamwajiri mwanamke wa kuyanakili kwa herufi zile zile.

Mwanamke huyo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mumewe mwalimu katika shule moja ya hapa. Herufi zetu alijifunza kwangu mwenyewe. Alikaa mkekani miezi mitano, mguu umekunjwa, kama mwanafunzi wangu yeyote. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini pa ina nukta tatu chini na ba ina moja. Nikamwambia Waarabu hawana pa, sisi tunayo, basi wazee waliichukua ba wakaiongezea nukta mbili.

Akacheka. "Kwa hivyo, Mwalimu, Uswahili wenu uko kwenye hizo nukta mbili."

Neno lake lilinipendeza. Jioni ile nikalisema barazani, wenzangu wakatikisa vichwa, nami sikusema limetoka kwa nani.

Mfunguo mosi, baada ya Idi, tulichapa nakala kumi wazee wazisome kabla kitabu hakijapelekwa kwa mchapaji. Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikuwa barazani alipofika rafiki yangu muuza vitambaa, tuliyesoma naye chuo kimoja tangu utotoni. Nakala ameishika mkononi, kidole kimo ndani.

"Maalim, hongera. Sikujua marehemu alijenga baa."

"Baa gani?"

"Baa la msikiti. Ukurasa wa arubaini na moja. 'Tulimaliza baa la msikiti siku ya Ijumaa, na watu wote wakafurahi.' Kwani wangekosa kufurahi?"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mwengine akachukua nakala, akasoma mbele kidogo. "Ngojani. Hapa wavuvi wamemvua baba. Baba mkubwa, ana meno safu mbili! Wamemkata vipande, wamemtia chumvi, wamemwanika juani. Maalim, kwa baba huyo wewe ulisalimika kweli?"

Niliichukua ile nakala. Kila pa ilikuwa imepoteza nukta mbili. Kila paa limekuwa baa, kila papa amekuwa baba. Haya nilikuwa na uwezo wa kuyastahamili. Lakini mwisho wa kila daftari baba yangu alimuomba Mola ampe pepo, na dua ile sasa ilisema bebo, sauti tu, kama ya mtoto anayejifunza kusema. Nikaifunga nakala, nikaifunika kwa mkono.

Rafiki yangu aliona. Akakaa karibu, akashusha sauti. "Baa na msikiti mahali pamoja. Kosa kama hili halimtoki Mwislamu. Nti hii imekosa watu, hata maneno ya wazee wetu aje aandike mgeni?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule miezi mitano na sijaona kwake ila adabu. Badala yake nikasema, "Si wetu yule. Atajuaje uzito wa herufi hizi?"

Nilisema hivyo ili kicheko kimtoke baba yangu kimwendee mtu mwengine. Na kilimwendea. Kufikia Ijumaa, lile swali langu limekuwa hukumu: amefanya makusudi, ameudhihaki msikiti. Kamati ikaamua afukuzwe, na barua iandikwe kwa mkuu wa shule anayofundisha mumewe, ajue ni watu gani anaokaa nao. Barua ile ingewafuata kila walikohamishiwa.

Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani kwangu. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, akatoa karatasi mbili mkobani.

"Mwalimu, hii niliichapa kabla ya Ramadhani. Tazama paa."

Nikatazama. Nukta tatu.

"Na hii ndiyo mliyonayo nyinyi. Ni maandishi yale yale, sikuyagusa. Kwenye skrini mpaka leo yana nukta tatu. Zinapotea yakifika kwenye karatasi."

"Basi printa ni mbovu."

"Nimejaribu printa nyingine. Ni ndani ya kompyuta." Akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye irabu. Programu ya kuandikia si kitu kimoja, ni vifurushi vingi vidogo, kila kimoja na kazi yake, na wenye kuvitengeneza huko mbali huvirekebisha kila mara na kuleta vipya. Huko kuleta vipya ndiko kunakoitwa sasisho. Kompyuta huweka orodha ya kila sasisho na siku lilipoingia. Kati ya karatasi ya kwanza na ya pili yalikuwa yameingia masasisho tisini na sita. Moja katika hayo lilikuwa limekula nukta zetu.

"Utayajaribu yote tisini na sita?"

"Hapana. Nitairudisha kompyuta ilivyokuwa katikati, baada ya la arubaini na nane, tuchape ukurasa mmoja. Ukitoka mzima, kosa liko mbele. Ukitoka mbovu, liko nyuma. Nusu nzima tunaitupa. Halafu nusu ya ile nusu. Tutafika kwa mara saba. Niombee siku nne, Mwalimu. Wakishaiandika ile barua, hata nikiwa na haki haitafutika."

Nilikwenda kwa kamati, wakatoa mpaka Jumatano alasiri.

Akaniwekea sharti moja: yeye hataigusa karatasi. "Usome wewe. Useme tatu au useme moja. Nisije nikaambiwa nimetia kalamu."

Basi nikakaa katika chumba kile na miwani yangu na kioo cha kukuzia. Kuirudisha mashine nyuma kulichukua muda mrefu, na umeme ulikatika mara mbili, tukaanza tena. Alikuwa akiniletea chai kutoka nyumbani kwake ndani ya chupa, akinimiminia kwanza. Hatukuzungumza sana. Mara ya kwanza ukurasa ulipotoka niliuinua nikatazama chini ya neno paa.

"Tatu," nikasema.

"Basi arubaini na nane ya kwanza hayana kosa," akasema, akayapiga mstari kwenye karatasi yake.

Baada ya la sabini na mbili ilitoka moja. Baada ya la sitini zikarudi tatu. Siku ya pili rafiki yangu muuza vitambaa alipita mlangoni, akasimama kututazama.

"Maalim, mnapiga ramli?"

Mimi niliinamia kioo changu. Yeye ndiye aliyejibu, macho kwenye skrini. "Ramli hubahatisha, Mzee. Sisi tunahesabu."

Nafasi ikawa inabana. Yalibaki masasisho kumi na mawili, kisha sita, kisha matatu. Nikajikuta nimeshainuka kila printa inapoanza kuvuta karatasi. Jumanne adhuhuri tulikuwa na mawili tu, la sitini na nane na la sitini na tisa. Akairudisha kompyuta ilivyokuwa baada ya la sitini na nane. Karatasi ikatoka, nikaitazama mara mbili, nikasema, "Moja."

"Basi ni hilo."

Kilikuwa kifurushi kidogo ambacho kazi yake ni kuziunganisha herufi zishikane mikono kama inavyotakiwa. Waliokirekebisha walikuwa wakitengeneza kitu kingine, na pengine hawajapata kusikia kwamba kuna watu duniani wanaoandika pa. Hapakuwa na mtu aliyemdhihaki mtu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, nikainua mikono.

Yeye hakufurahi kama nilivyodhani. Alikuwa ameinama kwenye ile orodha, akisoma siku sasisho lilipoingia.

"Siku hii sikuwapo," alisema. "Nilikuwa nimekwenda kumzika mamangu."

Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja. Alipokwenda kwenye mazishi aliniachia mimi. Nikakumbuka. Niliingia asubuhi moja kusoma ukurasa, na kidirisha kidogo kikawa kinatokea kwenye skrini, nikikifunga kinarudi, kinaniuliza ndiyo au baadaye. Nilichoka nacho. Nikasema bismillahi, nikabonyeza ndiyo, kikaondoka.

Nilimwambia. Akasema, "Si kosa, Mwalimu. Hata ningekuwapo mimi, ningebonyeza."

Alisema hivyo kunipunguzia, na hakuna maneno yaliyonichoma kama hayo. Yeye alikuwa na udhuru kwa kidole changu kabla sijauomba. Mimi kwa ajili yake sikuwa nimetafuta hata mmoja.

Jumatano nilisimama mbele ya kamati nikaeleza yote: sasisho, ufunguo, kidole changu. Nikasema pia kwamba lile neno la "si wetu" lilitoka kinywani mwangu na lilikuwa dhuluma. Wakasikiliza. Rafiki yangu akapangusa paji la uso.

"Alhamdulillahi, kumbe ni mashine. Basi yaishe. Aambiwe Jumamosi arudi kazini."

Barua haikupelekwa. Wakaingia kwenye shauri jingine, la rangi ya jalada. Hakuna aliyesema aitwe ndani aombwe radhi, na mimi, niliyekuwa nimesema mengi, hilo sikulisema.

Alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Aliponiona alisimama, akanipa ufunguo.

"Nimekirudisha kile kifurushi cha zamani, na nimekizuia kisibadilike tena. Kitabu kitatoka sawa."

"Barua haitaandikwa. Wamesema urudi Jumamosi."

"Asanteni. Lakini chumba kile sitaweza kukaa tena."

"Nisamehe, mwanangu. Lile neno lilianza kwangu."

"Najua, Mwalimu. Niliambiwa siku ile ile."

Basi alikuwa anajua. Siku zote nne, akinimiminia chai kwanza, akiniambia soma wewe, alikuwa anajua.

Baada ya alfajiri, nikimaliza uradi wangu, huwa nabaki mkekani na kuzigawa siku nilizokuwa naye, nusu kwa nusu, kama alivyonifunza. Hapa nilikuwa mzima, pale nilikuwa mbovu, basi kosa limo katikati. Kwanza nilidhani nitalikuta barazani siku ya nakala kumi. Lakini nikirudi katikati naona tayari nimeharibika, nikirudi tena naona vile vile, mpaka nafika jioni ile niliyolichukua neno lake la nukta mbili nikalisema kama langu. Tangu siku hiyo nilikuwa nimeridhika kwamba kazi yake itajwe na yeye asitajwe. Na hakuna wa kuirudisha siku ile, ila nimtake Mwenyezi Mungu msamaha, naye ni Mwenye kusamehe. Namshukuru kwa kunionyesha nikiwa bado hai.

Kitabu kilitoka. Kwenye ukurasa wa shukrani kamati iliwataja watu wengi, na baadhi yao sikuwahi kuwaona kwenye chumba kile. Nilipowauliza mbona mwanamke yule hayumo wakasema jalada limeshafungwa. Wakati huo mumewe alikuwa ameshahamishiwa bara. Nilichukua nakala moja, nikaandika kwa kalamu, kwa herufi alizojifunza kwangu, kwamba kitabu hiki ni kazi ya mkono wake, na kwamba neno la nukta mbili ni lake. Nikamtumia kwa basi.

Baada ya wiki moja uliingia ujumbe kwenye simu yangu. "Kimefika, Mwalimu. Nimefungua ukurasa wa arubaini na moja. Tatu."

Hakuandika zaidi. Ujumbe ule ninao mpaka leo.