Simu Mbili Mezani

Bi Mkunjo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Tulimpa sisi hapa kwa dobi, kwa sababu mkunjo kwenye shuka humkosesha raha kama mwiba kwenye kisigino. Shati ambalo mimi nimeshalimaliza na kulitundika, yeye hulitoa kwenye hanga, akalitazama kwapani, akalirudisha mezani kwangu. "Dada, hapa bado." Tumepiga pasi meza kwa meza miaka mingi, na kila akisema hivyo natamani kumziba mdomo kwa shati lenyewe.

Na si kwamba ana maneno mengi. Mengi ni ya kwangu. Mwenye dobi huniita Mama Maneno na sijawahi kumbishia. Bi Mkunjo akisema sentensi tatu kutwa nzima, ya tatu ni kwaheri. Kisichonyamaza kwake ni kifua tu. Wanga tunaonyunyizia nguo umemkaa humo, basi hukohoa mara tatu, kavu, kisha husema "eh, Mungu wangu" kama karani anayegonga mhuri. Kwa kikohozi kile ningemtambua hata sokoni nikiwa nimefumba macho.

Mume wake alikuwa dereva wa malori. Siku moja aliondoka na mzigo; mzigo ulifika, yeye hakufika. Hakufa, hakurudi tu. Alimwachia jozi ya viatu, simu iliyopasuka kioo ambayo haishiki laini wala mtandao, na binti mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiti.

Mwaka ninaousimulia, Kijiti alikuwa na miaka tisa. Alitoka shule saa saba, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akakaa peke yake mpaka mama yake arudi jioni. Simu nzuri ya nyumba aliachiwa yeye, maana mwalimu alituma kazi za watoto kwenye grupu la wazazi. Bi Mkunjo alitembea na kasimu ka vitufe. Sasa mpe mtoto simu nzuri na nyumba tupu, uone. Siku moja mwalimu alitangaza kwenye grupu kwamba mjomba wa mwalimu mkuu amefariki. Wazazi wakatuma pole, huyu baada ya yule. Katikati ya pole zile, kwa jina la Bi Mkunjo, akatokea mbuzi aliyevaa miwani, anacheza dansi.

Bi Mkunjo akaitwa shule.

"La mbuzi ni dogo," mwalimu alimwambia. "Mtoto hasomi. Ukimpa ukurasa anababaika kama anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Mchana kutwa yuko kwenye video. Usipomsimamia nyumbani, mama, mwisho wa mwaka atarudia darasa."

"Nimsimamie vipi, mwalimu? Natoka kazini saa kumi na mbili."

"Mzazi hutafuta njia. Asome kwa sauti kila siku, nusu saa. Na wewe usimkatize, usimkaripie. Msikilize tu. Akimaliza, mpongeze."

Akampa na fomu ya kujaza kila Ijumaa: mwanafunzi amesoma nyumbani chini ya uangalizi wa mzazi, ndiyo au hapana.

Bi Mkunjo aliishia darasa la nne. Kwake neno la mwalimu ni kama kidonge cha daktari, linamezwa zima. Njia akaitafuta na akaipata. Kila siku saa tisa alasiri alipiga simu nyumbani. Kijiti alipokea, akailaza simu mezani, akafungua kitabu akasoma, na mama yake huku alikuwa na hedifoni sikio la kushoto na pasi mkono wa kulia. Na laini ikiwa wazi, video hazichezwi. Milango miwili kwa komeo moja.

Mwenye dobi alikuja kutazama. "Mkono ukisimama, simu inatoka," alisema. "Na maneno ya humu yasimfikie mtoto. Wateja wangu wanasengenywa humu." Alinitazama mimi, sijui kwa nini.

Basi Bi Mkunjo akabonyeza kitufe cha kunyamazisha upande wake. Yeye akawa anamsikia mtoto, mtoto hamsikii yeye.

Siku za mwanzo aliniambia, "Dada, ananiita. Anasoma kidogo, anauliza, mama upo?"

"Si umjibu?"

"Mwalimu amesema nisimkatize."

Akaendelea na kola ya shati. Baada ya wiki mbili mtoto hakuuliza tena. "Amezoea," Bi Mkunjo akasema. Nusu saa ikifika, Kijiti alisema, "Nimemaliza, mama." Hapo Bi Mkunjo alifungua sauti, akasema, "Hongera, mwanangu. Osha vyombo." "Ndiyo, mama." Kila siku maneno hayohayo, hayapungui wala hayazidi.

Na kusoma kukaja. Kokoto zikaisha njiani. Ijumaa baada ya Ijumaa fomu ilijazwa "ndiyo". Bi Mkunjo akaanza hata kujisifu, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nimfahamu. "Dada, sasa hata Jumapili anasoma. Anaingia nyuma ya pazia, anamaliza kurasa za wiki nzima, mimi nikiwa jikoni." Kasoro ilikuwa moja tu: mwalimu alilalamika kwamba daftari la Kijiti linafika shule limelowa, kurasa zimejikunja kama majani ya kabichi. Bi Mkunjo akamgombeza mtoto asiweke kikombe cha maji karibu na daftari. Mkunjo, hata wa karatasi, haupiti kwake.

Ilikuwa Jumanne. Tulikuwa na shuka za hoteli, rundo la kufika kiunoni. Nikaona pasi ya jirani yangu imesimama.

"Dada, nimekohoa?"

"Leo? Hujakohoa tangu asubuhi. Shukuru Mungu ufanye kazi."

"Nimekohoa. Nyumbani."

Nikadhani mvuke umempanda kichwani. Akachomoa hedifoni akaniwekea sikioni. Nikamsikia Kijiti anasoma, safi kabisa: "Mbegu huhitaji maji, hewa na joto." Nyuma yake, kwa mbali, kifuniko cha sufuria kikalia. Ndara zikaburuzwa sakafuni. Kisha kikohozi, kavu, mara tatu. "Eh, Mungu wangu."

Nikamtazama Bi Mkunjo. Alikuwa mbele yangu, mdomo umefungwa.

"Hiyo ni Jumapili," nikasema. "Mwenzangu, umechezewa. Mtoto amejirekodi."

Kwa lile simu bovu la baba yake, lisiloshika laini lakini linalorekodi na kucheza nyimbo. Tulikuja kuziona baadaye, simu mbili mezani, zimelazwa uso kwa uso kama wagonjwa wawili wodini. Moja inasoma, moja inasikiliza, na nyumbani hamna mtu.

Nilitaka kucheka. Ujanja ule ulistahili kicheko. Lakini Bi Mkunjo aliuliza, kwa sauti ndogo, "Sasa yeye yuko wapi?" na kicheko kikanikauka. Mtoto wa kike wa miaka tisa, saa tisa na dakika ishirini alasiri, na tangu lini hatujui.

Alibonyeza kitufe. Akapiga kelele ambayo sikujua kama anayo. "Wewe mtoto! Uko wapi?"

Simu ikaendelea. Mbegu ikikosa hewa huoza.

"Nakuuliza, uko wapi!"

"Nipo hapa, mama."

Haikutoka kwenye simu. Ilitoka dirishani.

Dirisha letu liko juu, lina nondo, kazi yake ni kutoa mvuke. Nyuma yake ni kichochoro cha maji machafu, hapiti mtu. Nilipanda juu ya kreti nikachungulia. Kijiti alikuwa ameketi juu ya ndoo ya sabuni iliyopinduliwa, sare ya shule mwilini, daftari magotini. Mvuke wetu ulikuwa unamshukia taratibu, juu ya nywele na juu ya kurasa.

"Tangu lini unakaa hapo?"

"Hii wiki ya tatu, mama mkubwa. Nikishapokea simu nawasha rekodi, nakimbilia huku."

Wiki tatu! Nikakumbuka yote niliyoyasema ndani ya wiki tatu zile kuhusu shemeji yangu, na masikio yakanichoma moto.

Bi Mkunjo alinishusha kwenye kreti akapanda yeye. Alishika nondo kwa mikono miwili. Nilingoja matusi. Mimi ningekuwa nimeshatukana mpaka mababu.

"Kwa nini?" akauliza tu.

"Kule simu hainijibu."

"Mwalimu alisema nisikukatize."

"Mimi sikujua kama upo. Nilikuwa naisomea meza." "Hapa nakusikia ukikohoa. Na mama mkubwa anachekesha."

"Na kusoma?"

"Nasoma Jumapili, zote. Ukiwa upo."

Hedifoni ilikuwa bado inaning'inia sikioni kwangu. Humo Kijiti wa Jumapili alifika mwisho. "Nimemaliza, mama," akasema. Kukawa na kimya. Kisha, "Ndiyo, mama." Mtoto alikuwa ameacha nafasi ya mama yake kusema, akaipima sawasawa, kwa sababu alijua atakachosema. Niliivua hedifoni. Mambo mengine si ya kusikilizwa na mtu wa meza ya pili.

Mwenye dobi akaingia. "Kuna mkutano?"

"Mtoto wa Bi Mkunjo yuko nje dirishani," nikasema. "Aingie akae pale kona, anasoma tu."

"Pasi za moto, dawa za madoa, na mtoto? Akiungua nitamweleza nani?" Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hiyo haki yake.

"Basi abaki kule nje?"

"Nje si kwangu," akasema, akaondoka. Kwa mtu yule, hiyo ndiyo ruhusa.

Tangu siku hiyo simu ya saa tisa ilikoma. Kijiti alikaa juu ya ndoo yake, mfuko wa plastiki umefunika daftari, akasoma kuelekea dirishani, na ndani mama yake alisukuma pasi na kila baada ya sentensi alisema, "Mm." Hiyo tu. Hawakuonana. Ukuta ulikuwa kati yao, na sote tuliokuwa humo tulipiga pasi kwa kufuata mwendo wa ile "mm".

Ijumaa ikaja na fomu yake.

"Dada, niandike nini? Nyumbani hasomi."

"Andika ndiyo, mwanamke! Nani atakuja na rula kukupima?"

Lakini umeshajua ni mtu wa namna gani. Aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne: Hapana. Anasoma dirishani kazini kwangu. Namjibu. Na fomu mbili za nyuma si za kweli.

Nilimwambia amemchimbia mtoto shimo kwa kalamu yake mwenyewe. Jumatatu akaitwa. Nilimpigia pasi shuka zake asubuhi ile, huku nikimtukana kimoyomoyo, na aliporudi alinisimulia kwa sentensi zaidi ya tatu, kwa hiyo nilijua ni kubwa.

Mwalimu alichukua kitabu ambacho Kijiti hajakiona, akafungua katikati. "Soma." Kijiti akasoma sentensi moja, vizuri, akasimama. Mwalimu akangoja. Kijiti naye akangoja.

"Mbona umesimama? Neno gumu?"

Mwalimu akashika kalamu. Hapo Bi Mkunjo, kutoka kwenye kiti cha kona, akasema, "Mm."

Kijiti akaendelea. Sentensi, mm, sentensi, mm, mpaka chini ya ukurasa. Mwalimu aliwatazama kwa zamu, kama mtu aliyeingia chumba ambacho si chake, akafunga kitabu. Mwaka ulipokwisha Kijiti hakurudia darasa. Wala darasa lolote baada ya hapo.

Ndiyo maana sasa hayupo. Alifaulu akapelekwa shule ya bweni, safari ya siku nzima, na simu huko ni marufuku. Barua anaandika, nzuri, ndefu. Bi Mkunjo huzisoma polepole akifuata mstari kwa kidole. Dirisha letu mwenye dobi amelitia feni kubwa ya kuvuta mvuke, inanguruma kutwa. Ile ndoo sijui nani aliichukua.

Juzi, saa tisa alasiri, nilimwona Bi Mkunjo ana hedifoni sikioni. Nikamtania. "Ehe! Umepata mchumba wa kwenye simu? Hata mimi hunidokezi?"

Alinyanyua kidole, ninyamaze. Waya wa hedifoni ulishuka mpaka mfuko wa aproni yake, na mfukoni ilichomoza simu yenye kioo kilichopasuka.

Sikumwuliza anasikiliza nini. Feni ilinguruma. Mbele yake kulikuwa na foronya, aliipiga pasi mbele, akaigeuza, akaipiga nyuma. Baadaye kidogo mkono wake ulisimama, na kwa sauti ileile ya miaka ile akaiambia foronya:

"Hongera, mwanangu. Osha vyombo."

Akangoja kidogo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Kisha akalivuta shati langu kwenye hanga, akalitazama kwapani.

"Dada, hapa bado."

Nililichukua nikalirudia. Nilianza kwapani.