Mpaka Niitwe Mara ya Tatu

Utotoni mwangu, jua likishazama, sikuruhusiwa kuliitika jina langu. Akiniita mtu ninayemwona, sawa. Lakini sauti ikitoka nje, gizani, ilinipasa ninyamaze mpaka iite mara ya tatu. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, mama yake baba. Aliibeba kutoka Tanga mpaka Johannesburg pamoja na ubani wake na kanga zake, wala hakuona kwa nini majini wa Afrika Kusini wawe na tabia tofauti na wa kwao.

"Wale wa magharibi huazima sauti," alikuwa akiniambia. "Huazima ya mtu umpendaye. Lakini pumzi hawana. Wataita ya kwanza, wataita ya pili, ya tatu hawaiwezi. Ukiwahi kuitika, umekwisha."

Nilimwamini kabisa. Baba, aliyelelewa kwa sheria hiyo hiyo, alipenda kumtania. "Mama, wa hapa wanaita kwa Kizulu." Bibi hakucheka hata siku moja.

Tulikuwa tumepanga chumba cha uani kwa Gogo Edna, kule mlimani Observatory. Gogo ndiyo bibi kwa lugha ya hapa, na mama huyu wa Kiingereza, mjane mwenye miguu myembamba na sauti ya kuamrisha, alilipenda jina hilo. Baba alikuwa fundi wa makochi Doornfontein. Mama alikuwa amerudi Tanga kujifungua mdogo wangu, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, Baba na Bibi. Nilikuwa na miaka tisa.

Mwaka ule wa 2008, baridi ilipoanza, watu walianza kuwapiga wageni na kuwafukuza. Mwanzo yalikuwa mambo ya redioni. Kisha yakafika mitaa ya chini yetu, na mimi nikaachishwa shule kwa muda. Baba aliendelea kwenda kazini. Alisema makochi ya watu hayajishoni yenyewe.

Alasiri moja Gogo Edna alikuja uani akatuambia tuhamie nyumba kubwa. Alisikia kwamba wale waliokuwa wakifukuza wageni wangepanda mlima jioni ile. Alikuwa ameshafunga geti kwa mnyororo na kufuli jipya. Tulimpigia Baba simu, haikupatikana. Tukapiga tena na tena, kisha Bibi akaiweka simu chini kama kitu kinachounguza.

Gogo alitoa mablanketi, mifuko myeusi ya taka na utepe wa gundi, akaanza kuziba madirisha. Kazi ile aliijua. Nikimkatia utepe, alinisimulia kwamba alipokuwa mdogo kuliko mimi, kwao Uingereza, ndege za Wajerumani zilikuja kuangusha mabomu, na kila nyumba ilitakiwa ifiche mwanga wake. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya chuma aliyezunguka mtaani kila jioni, akiona hata uzi wa mwanga anagomba. Ndoo ya mchanga ilikaa ukumbini kwa ajili ya moto. Sukari ilitolewa kwa kadi. Shuleni alikwenda na barakoa ya mpira ya kukinga gesi ndani ya boksi, na harufu yake ilimtia kichefuchefu. Alilala chini ya ngazi na mama yake na paka. Baba yake alikuwa mbali, vitani.

"Mlikuwa mnafanya nini humo chini?" nilimuuliza.

"Kusikiliza," alisema. "Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kusikiliza."

Ugomvi ulizuka kwa Bibi. Nyumba isiyo na taa saa ya magharibi, alisema, ni kuwakaribisha mashetani. Nilitafsiri huku na huku mpaka wakapatana: mshumaa uwashwe ndani ya sinki la kuogea, bafuni, dirisha likiwa limezibwa. Bibi akafungua kikopo cha ubani. Gogo akatikisa kichwa. Harufu inapita ukutani, alisema, na mtaa huu mzima ni nyie tu mnaochoma hicho.

Niliposema hayo kwa Kiswahili, Bibi alinitazama kidogo, kisha akaufunga ubani kwenye pindo la kanga yake. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Sikuwahi kumwona Bibi akiacha magharibi ipite bila ubani.

Tukakaa sakafuni kwenye korido, sisi watatu, tukisikiliza.

Sauti ya kwanza ilitoka getini. "Zuhura! Zuhura, sisi, njoo!" Nilimjua. Alikuwa kijana wa spaza, kiduka cha kona, aliyezoea kuniita sisi, yaani dada, na kunipa peremende chenji ikikosekana. Nilishafungua mdomo, kiganja cha Bibi kikanifunika. Akaita tena, pole pole, kwa upole uleule. Kisha nikasikia miguu mingi ikivuta kokoto nje, na mtu akalitikisa geti. Halafu ikawa kimya. Ya tatu haikuja.

"Umeona?" Bibi alininong'oneza sikioni. Mpaka leo sijui kama kijana yule alikuja kutuonya au kuwaonyesha tulipo.

Hatukukaa sana. "Zuhura!"

Alikuwa Baba. Niliruka. Bibi akanidaka gauni.

"Huyo ni baba yako," Gogo Edna alisema, akininyooshea ufunguo. "Kafungue."

"Bado," Bibi alisema. Hakuhitaji nimtafsirie.

Alilizungusha pindo la gauni langu mkononi mwake. Ni mwanawe aliyekuwa nje, na sauti ile aliijua kabla yangu mimi. Lakini maisha yake yote aliambiwa, naye akaniambia mimi, kwamba watakuja na sauti hiyohiyo. Chini ya mlima filimbi zililia, na watu wakawa wanaimba.

"Zuhura." Safari hii karibu zaidi, na chini zaidi.

Nilimtazama Bibi, machozi yakimtiririka. Nilimtazama Gogo.

"Mtamuua!" Gogo alisema. Hilo sikulitafsiri.

Nilikuwa na ufunguo mkononi na Bibi ameshika gauni langu, na hakuna aliyeita. Nyimbo zilizidi kupanda. Niliomba Mungu yule aliye nje aite. Kisha nikaomba asiite, maana kama nilizisikia nyimbo zao, na wao wangeisikia sauti yake.

"Zuhura!" Alipaza kwa nguvu zake zote.

"Naam, mwanangu!" Bibi alipiga kelele kabla yangu, akaniachia. Nikakimbia nikiitika, "Abee, Baba! Abee!" Kufuli lilikuwa jipya, gumu. Baba alikuwa ameligeuzia geti mgongo, akitazama barabarani. Mnyororo ulipoanguka, jiwe kutoka kwa wale waliokuwa wakiimba, ambao sasa walikuwa wamefika, lilimpata juu ya jicho, akaanguka ndani miguuni pangu. Gogo Edna alinipita, akasimama getini na kaptula yake ya bustani, mikono kiunoni, akiwakaripia kwa Kiingereza. Sijui walimwogopa au walimhurumia. Walipita.

Jikoni, Bibi akimkandamiza jeraha kwa kanga, Gogo alimuuliza Baba kwa nini aliita badala ya kupanda geti.

"Ningepanda mngedhani ni wao," Baba alisema. "Nilikuwa nyuma ya ua wa jirani. Niliita ya kwanza, ya pili. Eish, nikawaona wanakata kona pale kwenye robot, kwenye taa za magari. Nikajua nikiita wananisikia. Na nikijinyamazia, Mama hafungui."

Akamtazama Bibi. "Nikaita."

Bibi alihesabu tasbihi mpaka asubuhi, na sheria ile hakuitaja tena mpaka alipofariki.

Nimejiuliza sana. Sheria ile ilitukinga na sauti ya kwanza, hilo siwezi kulikana. Na sheria hiyohiyo ilimsimamisha baba yangu barabarani akajitangaze kwa watu wenye mawe, kwa sababu alijua wanawake wa nyumbani kwake watamsubirisha. Alituamini kwa namna ya kutisha.

Siku hizi naishi La Rochelle, kusini mwa jiji hilihili. Baba hunitembelea, kovu lake limezama kwenye makunyanzi. Kengele ipo getini, haibonyezi. Ananiita. Nami namfungulia ya kwanza tu, mbio, ufunguo ukinigongagonga mkononi, maana siwezi kustahimili kuisikia ya pili.

Kila mara ananikasirikia.

"Umejuaje kama ni mimi?" ananiuliza, akigeuka kutazama barabara kabla hajaingia.