Visima Arobaini na Kimoja

Mchimba visima wa mtaa wetu tulimwita Sururu. Alikuwa mfupi, mabega kama ya fahali, na kila kisima alichochimba alikiandika kwenye daftari: mwenye nyumba, tarehe, kina kwa futi, ladha ya maji. Vilikuwa arobaini na kimoja, vyote kazi ya mikono yake.

Uwanja wa ndege ulipojenga maegesho mapya ya ndege, maji yakaanza kunuka mafuta. Kabla watu hawajamaliza kulalamika, wakasikia njia ya kurukia itarefushwa hadi kwenye kinamasi, na maji yetu yote chimbuko lake ni huko. Ripoti ya mazingira ikabandikwa kwenye ubao wa halmashauri. Ukurasa wa tisa ulisema: "Eneo hili halina visima."

Aliyetia saini ni afisa mazingira, shemeji yake Sururu, mume wa dada yake wa pekee.

Sururu alimfuata ofisini. Akawekwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndipo shemeji akatoka, funguo za gari mkononi.

"Shemeji, mambo haya yana wenyewe. Wewe rudi shimoni kwako."

Makarani wakaangua kicheko. Sururu naye akacheka, lakini cheko la mtu anayenoa kisu.

Wiki tatu hakugusa kazi. Alipita nyumba hadi nyumba, akapima upya kila kisima, akajaza maji chupani, akamtaka mwenyewe atie sahihi. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, yule ni mume wa dada yako. Msamehe."

"Nitamsamehe akishaaibika."

Siku ya wananchi kutoa maoni, ukumbi ulifurika. Sururu alipanga chupa mbele ya mwenyekiti wa kikao, akasoma daftari polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe. Kila kisima kikitajwa, mwenyewe alisimama. Shemeji alikuwa akitazama saa.

"Namba thelathini na tatu. Futi arobaini na mbili, maji matamu. Nyumbani kwa afisa mazingira." Sururu akamgeukia. "Simama basi, shemeji. Wenzako wote wamesimama."

"Kumbe huoga maji yasiyokuwepo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka.

Ripoti ilitupwa, mradi ukasimamishwa, na mwezi haukuisha afisa akaachishwa kazi. Dada mtu akaja kwa kaka yake, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Ungekiacha cha kwangu," alisema. "Arobaini vingetosha, kaka."

"Kushinda, vingetosha," Sururu akamjibu. "Mimi nilimtaka yeye."

Dada akaondoka, na hadi leo hawasemezani. Mkewe alidhani jioni ile mumewe hatagusa chakula. Akala, akaomba aongezewe.