Wimbo wa Maji ya Ukoko

Harufu ya wali unaoshika chini ya sufuria haijawahi kuniacha nitulie. Popote nilipolala, na nimelala kwingi, ikinifikia tu naanza kutafuta kanga yangu na mlango, maana ndiyo iliyojaa jikoni kwetu Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, asubuhi niliyoondoka bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, msije mkadhani nilifukuzwa.

Shule nilikuwa nimeshaiacha. Mwalimu alitaka tuiimbe theluji kwa Kifaransa, nami nikauliza theluji inapikwaje. Akanitoa nje, na huko nje nikaona kuna mengi zaidi ya kutazama. Nikaanza kutunga nyimbo zangu kwa Kingazija cha nyumbani kilichochanganyika na Kimalagasi cha sokoni. Sikutunga juu ya mwezi. Nilitunga juu ya ufagio uliobakiwa na njiti chache kama meno ya Koko, bibi yetu. Juu ya chandarua chenye viraka kilichowajua mbu wote kwa majina. Juu ya kopo la maziwa tulilochotea maji. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. "We mtoto," alisema, "vyombo vya nyumba hii vitaanza kukuogopa."

Wimbo ulioleta balaa ulikuwa wa maji ya ukoko. Kwetu, wali ukishapakuliwa, ule uliogandia chini ukawa kahawia hautupwi. Humiminiwa maji, sufuria ikarudi motoni, na maji hayo yenye ladha ya moshi ndiyo kinywaji cha nyumba, asubuhi na jioni. Kila nyumba kisiwani iliyanywa. Ila bendera mpya ilikuwa imepanda juzijuzi tu, watu wetu wanaingia kwenye viti vya Wafaransa maofisini, na ghafla mgeni akija ni lazima amiminiwe kahawa na kukatiwa mkate wenye siagi. Maji ya ukoko yakahamia nyuma ya mlango.

Mariamu, binti wa shangazi yangu Echati, akaposwa na karani wa mojawapo ya ofisi hizo. Alasiri ya kuonyesha vyombo vya bi harusi kwa upande wa bwana, wasichana hukaa mkekani na matari yao, na kila mmoja huleta ubeti mpya wa kumsifu bi harusi. Wenzangu wakamwita lulu, wakamwita asumini. Zamu yangu ilipofika niliweka tari chini, nikaburuta sufuria kubwa kutoka jikoni, nikaanza kuikwangua kwa kijiko cha chuma:

*Kwangua, dada, kwangua,*
*chini ndiko kuna utamu;*
*wali wa juu wa wageni,*
*ukoko wetu, wa damu.*

Mariamu aliangua kicheko papo hapo chini ya mtandio wake. Wasichana wakaitikia. Hata mama wa bwana harusi, naapa, niliuona mguu wake ukifuata mapigo kabla hajakumbuka kukunja uso. Kisha akasema polepole, ili wote wasikie, "Kumbe ndicho atakachonyweshwa mwanangu."

Wasichana wakalaza matari mkekani.

Wageni walipoondoka, shangazi alinisimamisha uani. "Kesho asubuhi unakwenda kwake. Unapiga magoti. Unamwambia ulikuwa upuuzi wa mtoto, na unaapa wimbo ule hutauimba tena, hapa wala popote."

"Nimesema uongo wapi, shangazi?"

"Nani ametaja uongo? Mimi nasema aibu!"

"Na asubuhi ya leo tulikunywa nini?"

Akainua mkono. Koko akaudaka. "Mwache," alisema. "Kesho ataenda."

Kupiga magoti ningeweza, magoti ni yangu. Lakini kuapa kwamba wimbo ule ni upuuzi, hapana. Ulikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna aliyenipa.

Kulipokucha nilivaa, nikashika njia ya kwa yule mama. Kwenye njia panda miguu ikageukia bandarini. Palikuwa na meli ndogo ikipakia magunia ya sukari, na Bi Soa, mfanyabiashara rafiki ya Koko, alikuwa akigombana na wapagazi juu ya vikapu vyake vya pilipili manga.

"Unakwenda wapi, wewe?"

"Meli hii inakwenda wapi?"

"Mahajanga."

"Basi ndiko ninakokwenda."

Alinitazama, akacheka, akamtuma mpagazi mmoja akamwambie Koko niko naye, kisha akanitwika kikapu.

Mji wa Mahajanga ulinipokea kwa joto, na vigari vya kuvutwa na watu vikipita mbio kana kwamba joto halipo. Bi Soa alinipeleka kwanza kwa Bi Hadija, ndugu wa shangazi, mwenye nyumba nzuri yenye mapazia. Nilipewa kahawa ya maziwa. Nilipomweleza kilichonileta, aliweka kikombe chini taratibu. "Kitanda kipo, mwanangu. Ila wimbo huo uache nje ya mlango."

Nilimaliza kahawa, ilikuwa tamu sana, nikamshukuru, nikachukua kifurushi changu.

"Mkaidi kama punda," alisema Bi Soa njiani, lakini hakuniacha. Tulitoka nje ya mji, upande wa Belobaka, kwa Mama Zafy, Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani.

"Kitanda hakuna," alisema. "Mkeka upo. Unajua kufanya nini?"

"Kuimba."

"Imba basi, na ukiimba vibaya nitakuambia."

Nikaimba ule wa ukoko, naye akigeuza vitumbua bila kuinua kichwa. Nilipomaliza alisema, "Ubeti wa pili mrefu mno. Ukate. Halafu weka mkeka wako pale, mbali na moshi."

Kwa miaka mingi niliamini nilipigana na shangazi kwa ajili ya sufuria. Baadaye, nikiwa nimepita nyumba nyingi za watu, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akimlinda binti yake kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, heshima mbele ya wageni, na kwamba aliogopa macho ya wakubwa yaliyomdharau tangu alipozaliwa. Namwelewa. Hata hivyo, kesho wakiniita harusini, nitaiburuta tena ile sufuria. Na siku ile pale barazani nilidhani nimepata mkeka tu. Kumbe nilikuwa nimempata mtu wa kwanza aliyeugombeza wimbo badala ya kunigombeza mimi.